Simu inasikiliza usiku kucha, mbona betri haiishi?

Kuna maneno mawili yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na mara nyingi anayeyasambaza ni mtu yule yule. La kwanza: simu yako inakurekodi saa 24, ndiyo maana ukizungumzia magodoro jioni, asubuhi unakuta tangazo la magodoro Facebook. La pili: zima haraka ile huduma ya "Hey Google" au "Hey Siri", inakula chaji, ukiizima simu itakaa siku mbili.

Maneno haya hayapatani. Simu inayorekodi na kutuma kila unachosema ingekuwa ya moto mfukoni na bando lingekata kabla ya wiki kwisha. Na kama kusubiri jina tu kungekuwa kunamaliza betri, hakuna kampuni ambayo ingethubutu kuuza simu ikiwa na huduma hiyo. Ukweli wa yote mawili unapatikana kwenye hesabu ya umeme. Wahandisi wametumia miaka kutafuta namna ya kifaa kusikiliza bila kula chaji, na ukiielewa namna waliyoipata, utaelewa pia kifaa chako kinasikia nini na hakisikii nini.

Tuanze na majina ya vitu. Neno la kuamsha ni lile jina ambalo kifaa kinalisubiri: "Alexa", "Hey Siri", "Hey Google", au yale ya simu zilizojaa madukani kwetu, Folax wa Infinix na Ella wa Tecno. Wati ni kasi ya kula umeme. Wati moja ikiliwa kwa saa moja inakuwa wati-saa moja, na wati-saa 1,000 ndiyo ile uniti moja unayoinunua kwenye LUKU. Betri ya simu iliyoandikwa mAh 5,000 inabeba kama wati-saa 19. Kwa hiyo uniti moja, tukiacha umeme unaopotea njiani, ingeijaza betri hiyo mara hamsini na kidogo. Miliwati ni wati iliyogawanywa kwa elfu. Maikrowati ni miliwati iliyogawanywa tena kwa elfu. Huko chini kwenye miliwati na maikrowati ndiko mambo yetu yaliko.

Sasa hesabu. Prosesa kubwa ya simu, ile inayoendesha video na magemu, ikiwa macho na kazi mkononi hula wati moja na kupanda. Tuchukulie wati 1 tu. Ukiiacha macho usiku na mchana ikisubiri uite jina, betri ya wati-saa 19 itaisha baada ya saa 19, kioo kikiwa kimezimwa na bila wewe kupiga simu hata moja. Badala yake, tuchukulie kazi ya kusubiri imepewa kijichipu cha pembeni ambacho pamoja na kipaza sauti chake kinakula miliwati 2. Kwa siku nzima hiyo ni wati-saa 0.048, yaani robo ya asilimia moja ya betri. Kioo kinachokula wati 1 kinamaliza kiasi hicho kwa dakika tatu. Hata ukiona nimekipendelea hicho kijichipu, zidisha mara tano: bado hujafika dakika kumi na tano za kuperuzi.

Kwa hiyo anayezima "Hey Google" ili simu ikae siku mbili anajisumbua bure. Swali zuri zaidi ni hili: kijichipu cha miliwati mbili kinawezaje kufanya kazi ya prosesa ya wati moja?

Hakiifanyi. Fikiria kituo cha afya usiku. Getini kuna mlinzi. Ndani kuna nesi wa zamu. Daktari amelala nyumbani kwake, na kumwamsha kuna gharama: gari, mafuta, na kesho atafanya kazi amechoka. Mlinzi hajui kutibu, anajua tu kama kuna mtu amegonga. Akisikia kishindo anamwita nesi. Nesi naye hamalizi kila kitu, anajua kutofautisha mgonjwa wa kweli na mlevi aliyepotea njia. Akiwa na shaka ya kutosha ndipo anapompigia daktari. Kituo kinahesabika kuwa wazi usiku kucha, ingawa mtu wa gharama kubwa amelala karibu muda wote.

Ndivyo kifaa kilivyopangwa. Ngazi ya kwanza inauliza: kuna sauti, au kimya? Ya pili inauliza: sauti hiyo inafanana na jina langu? Ya tatu, prosesa kubwa, inaamshwa kuhakiki kwa umakini zaidi. Ikikubali ndipo mtandao unawashwa na maneno yako yanapelekwa kwenye seva, au yanachambuliwa humo humo ndani ya simu kama ina nguvu hiyo. Kila ngazi inakula umeme mwingi kuliko iliyotangulia, na kila ngazi inafanya kazi kwa muda mfupi kuliko iliyotangulia. Siri yote ya kupunguza matumizi iko hapo, na mengine ni ufundi wa kuiboresha.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Moto X ya mwaka 2013 ilikuwa kati ya simu za kwanza kuuzwa zikiwa na prosesa ndogo za pembeni kwa kazi hii, mtu akaweza kuita "OK Google Now" bila kugusa simu. Apple walileta "Hey Siri" mwaka 2014, lakini kwa sharti linalochekesha leo: simu lazima iwe kwenye chaji. Waliokuwa na iPhone wakati huo wanakumbuka. Sababu yenyewe ndiyo hesabu tuliyoifanya hapo juu, kwani prosesa kubwa ndiyo iliyokuwa ikikesha. Sharti liliondoka mwaka 2015 kwa iPhone 6s, iliyokuja na prosesa ndogo isiyolala kamwe.

Mwaka 2017 Apple wenyewe walieleza hadharani ilivyo ndani. Kipaza sauti kinapima sauti mara 16,000 kwa sekunde. Vipande vya kama sekunde 0.2 vinapitishwa kwenye mtandao wa neva, yaani programu iliyofundishwa kwa mifano mingi badala ya kuandikiwa kanuni moja moja. Katika matoleo ya kwanza ya mpango huo, nesi alikuwa mtandao wa matabaka 5 yenye vizio (vikokotozi vidogo vya ndani ya programu) 32 kila moja. Daktari alikuwa na matabaka 5 pia, ila ya vizio 192. Kuna jambo jingine walilolieleza ambalo nalipenda: jina likisikika nusunusu, pasipo kutosha kuamsha simu, kifaa kinalegeza masharti yake kwa sekunde chache, kwa kuwa binadamu asiyesikika hurudia. Ndiyo maana mara ya pili huwa inaitika.

Saa ya mkononi ilikuwa mtihani mkubwa zaidi, maana betri yake ni ndogo mno. Pale waliongeza mlinzi asiyesikiliza kabisa. Kihisi cha mwendo kinangoja uinue mkono, na ni hapo tu sikio linapofunguliwa. Njia rahisi kuliko zote za kuokoa umeme ni kujua wakati ambao hakuna haja ya kusikiliza.

Sasa tuingie ndani ya nesi, maana huko ndiko kulikofanyika kazi kubwa. Wengi hudhani kinachokula umeme kwenye kompyuta ni kukokotoa. Kwa kiasi kikubwa ni kubeba. Profesa Mark Horowitz wa chuo kikuu cha Stanford alitoa mwaka 2014 makadirio ambayo wahandisi wanayanukuu hadi leo: kwa chipu za teknolojia ya nanomita 45, kujumlisha namba mbili zenye desimali, kila moja ya biti 32 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1), kunagharimu pikojuli 0.9 (pikojuli ni kipimo kidogo mno cha umeme unaoliwa), lakini kwenda kuichukua namba moja ya biti 32 kwenye kumbukumbu kubwa iliyo nje ya chipu kunagharimu pikojuli 640. Safari ni ghali mara mamia kuliko kazi yenyewe. Ukiichukua kwenye kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu, gharama inashuka hadi pikojuli 5 hivi.

Kwa hiyo lazima programu ya kutambua jina iwe ndogo kiasi cha kuenea yote ndani ya chipu, isitoke nje kabisa. Hapa ndipo inapokuja namba iliyonishangaza kuliko zote katika mada hii: mhandisi Pete Warden, aliyefanya kazi Google, amesimulia kwamba programu ya timu ya "OK Google" aliyoikuta huko ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 14. Picha moja ya kawaida ya simu, ya megabaiti 3, ni kubwa mara mia mbili na zaidi. Ufinyu huo unapatikana pia kwa kutumia namba fupi. Badala ya biti 32 wanatumia biti 8, au pungufu. Kwa makadirio yale yale ya Horowitz, kujumlisha namba nzima za biti 8 ni pikojuli 0.03. Usahihi unapungua kidogo, lakini kazi ya nesi si kuandika tasnifu, ni kusema "ndiyo" au "hapana".

Volti nazo zina mchango wake. Umeme unaotumika kila chipu inapopiga hatua unafuata volti kwa mraba: ukipunguza volti nusu, matumizi ya kila hatua yanabaki robo. Gharama yake ni mwendo wa taratibu, jambo ambalo kwa kazi ya kusubiri jina halina madhara.

Mbinu hizi zikiunganishwa, namba zinashuka hadi mtu akazidhania makosa ya uchapaji. Kampuni ya Marekani ya Syntiant ilipoleta chipu yake ya NDP100 mwaka 2019 ilisema inatambua neno la kuamsha kwa chini ya maikrowati 140. Chukua ile betri bapa iliyo kama sarafu, CR2032, inayowekwa kwenye rimoti ya gari. Inabeba wati-saa 0.67 hivi. Chipu ya maikrowati 140 peke yake ingeishi nayo siku 200.

Lakini chipu haiwezi kukaa peke yake, inahitaji sikio. Kipaza sauti cha kidijitali cha kawaida kinachowekwa kwenye simu hula karibu miliwati 1 kinapofanya kazi kwa ubora wake wa kawaida. Jumlisha: siku 200 zinaporomoka hadi 24 au 25. Mlinzi anakula kuliko nesi! Baada ya miaka ya kuibana prosesa, mlafi aliyebaki akawa kipaza sauti chenyewe. Dawa mojawapo ikaja kutoka kampuni ya Vesper ya Boston, yenye kipaza sauti cha VM1010 kilichotumia kipande chembamba kinachozalisha umeme kidogo kinapotikiswa na sauti. Hakikuhitaji kulishwa umeme mwingi ili kingoje. Kikiwa macho nusu kilikula karibu maikrowati 10, na kishindo kilipopita kiwango fulani ndipo kilipoamsha mfumo mzima. Shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilikuwa limeshaanzisha mradi wa N-ZERO wenye shabaha ya chini zaidi: vihisi vinavyongoja tukio kwa nanowati 10 tu (nanowati ni maikrowati iliyogawanywa kwa elfu), yaani mara elfu moja chini ya hapo.

Mapungufu ya mpango huu sijayaona yakielezwa sana, nasi yanatuhusu. Mlinzi anayelala mpaka agongwe anaokoa umeme pale tu palipo kimya. Kifaa hicho hicho ukikiweka kwenye sebule iliyotulia na kingine ukakiweka kwenye duka la Kariakoo, ambako kuanzia alfajiri kuna spika za matangazo, honi za bodaboda na wapiga debe, havitakula sawa. Cha Kariakoo kitakuwa na mlinzi anayemwita nesi mchana kutwa. Betri ya kifaa cha kusikiliza haina umri mmoja. Inategemea inaishi na nani.

Na nesi naye hukosea. Kila kifaa kimewekewa kizingiti: sauti ifanane na jina kwa kiasi gani ndipo kiamke. Kizingiti kikiwa chini, kinaamka kwa maneno ya watu wengine na kumwita daktari bure, na kila wito wa bure unawasha prosesa kubwa na pengine mtandao. Kikiwa juu, unaita mpaka sauti ikukauke. Watafiti wa chuo kikuu cha Ruhr cha Bochum, Ujerumani, walichapisha mwaka 2020 matokeo ya maneno zaidi ya 1,000 yaliyoamsha vifaa kimakosa. "Alexa" ilishtuka kwa neno "election", Siri kwa "a city", na Google kwa "OK, cool". Wanaoita kwa lafudhi tofauti na zile zilizotumika kumfundisha nesi wanaupata mzigo huu upande wa pili: wanarudia na kurudia.

Hapo ndipo suala la umeme linapokutana na lile la faragha. Mara nyingi watu wanauliza, "Kama inanisikia nikiita jina, si ina maana ilikuwa inasikia na yaliyotangulia?" Ndiyo, ilikuwa inayasikia. Lakini kuyasikia si kuyahifadhi. Sauti inaingia kwenye kumbukumbu ndogo inayobeba sekunde chache na kujifuta mfululizo, mpya ikikalia nafasi ya ya zamani. Jina likitambuliwa, kipande hicho ndicho kinachokabidhiwa ngazi ya juu. Lisipotambuliwa, kinafutika na hakiendi popote. Kwa njia hii madai ya kweli kuhusu faragha yanatokana zaidi na nesi aliyekosea. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba Apple, Amazon na Google walikuwa na watu wanaosikiliza sampuli za rekodi ili kuboresha huduma, na ndani yake kulikuwa na mazungumzo ya watu ambao hawakuita kifaa chochote. Januari 2025 ilitangazwa kwamba Apple wamekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri kuamka bila kuitwa, huku wakikana kosa. Hilo ni jambo zito, na lilitokea kweli. Ni tofauti na simu kukurekodi kutwa.

Hilo la kukurekodi kutwa, lipime kwa bando. Sauti ya mazungumzo ikibanwa hadi kilobiti 16 kwa sekunde inakuwa megabaiti 173 kwa siku, zaidi ya gigabaiti 5 kwa mwezi. Ungeziona kwenye orodha ya matumizi ya data. Mjanja atasema: simu inaweza kugeuza maneno kuwa maandishi humo humo na kutuma kidogo tu. Inaweza, lakini hiyo ni kazi ya daktari na si ya nesi, na daktari anayekesha tumeshaona anavyokula. Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa simu ya Wandera iliweka simu mbili, Samsung na iPhone, kwenye chumba kilichochezwa matangazo ya chakula cha mbwa na paka kwa nusu saa, na nyingine mbili kwenye chumba kimya, ikarudia kwa siku tatu. Haikuona tofauti ya maana katika data wala betri, na matangazo ya chakula cha wanyama hayakujitokeza. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern, Boston, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android. Hawakukuta inayowasha kipaza sauti kisirisiri kutuma mazungumzo. Walichokikuta ni baadhi ya programu kurekodi kioo cha simu na kupeleka nje, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilisambazia ujumbe kwenye magrupu.

Tangazo la godoro basi linatoka wapi? Uliyezungumza naye huenda alilitafuta mtandaoni, mkiwa mnatumia Wi-Fi moja. Au ulisimama mbele ya duka la fanicha na simu ikajua ulipo. Haihitaji masikio, na kwa maoni yangu hilo ni la kutisha kuliko masikio.

Nisieleweke vibaya: programu ya kumpeleleza mtu mmoja mahususi, iliyowekwa kwenye simu yake na mpenzi au mhalifu, inaweza kurekodi, na haijali kuokoa umeme. Simu iliyolala mezani ikiwa ya moto, au data inayopanda bila sababu, ni dalili za kuchunguza. Kumbuka pia kwamba ile nukta ya rangi inayoonyesha kipaza sauti kinatumika, iliyoletwa na iOS 14 ya iPhone na Android 12, haiwaki kwa kusubiri jina. Huwaka programu ikifungua kipaza sauti.

Spika janja ya kuchomeka ukutani ina hesabu yake, kwa sababu haina betri ya kuilazimisha kubana. Nyingi hukaa kwenye wati 2 hivi zikisubiri tu, sehemu kubwa ikiwa ni Wi-Fi na prosesa visivyolala. Kwa mwaka ni uniti 17 na nusu za LUKU. Kifungo chake cha kunyamazisha hufunga masikio, ila umeme unaendelea kuliwa. Ukitaka kuuokoa, zima kwenye soketi.

Kwa simu, ukitaka chaji idumu, punguza mwanga wa kioo, fupisha muda wake wa kujizima, na ukiwa mahali penye mtandao dhaifu weka hali ya ndege kama hutarajii simu, maana kutafuta mnara kunakula kuliko kusubiri jina. Huduma ya kuitwa kwa sauti izime kama inaamka hovyo kila redio inapozungumza, au kama hupendi tu kuwa nayo chumbani.